Mibono ya Shamba la Bondeni

Wasikilizaji wapendwa, ni saa kumi kamili alasiri, siku ya Jumamosi. Kama redio yako iko jikoni, punguza kwanza kelele za sufuria. Kama uko shambani na umeitundika kwenye tawi, sogea karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimjua na baadhi yenu mlimchukia. Sitazunguka mbuyu. Mliomchukia mlikuwa na haki, na yeye mwenyewe alikuwa anasema hivyo hivyo.

Tunamkumbuka Bwana Taa.

Kwenye vyeti alikuwa na jina jingine, lakini ungemuulizia kwa jina hilo hapa wilayani ungezunguka mpaka soli ziishe. Alikuwa bwana shamba wa serikali. Alifariki Jumanne asubuhi katika hospitali ya wilaya, akiwa na miaka sitini na minne. Tulimzika Alhamisi. Narudia kwa mliochelewa kuwasha redio: Bwana Taa, bwana shamba wetu, hatunaye tena.

Tuanze mwanzo. Baba yao alitangulia mapema. Mama yao alifariki yeye akiwa na miaka minane, na dada yake akiwa na miaka kumi na sita. Walibaki wawili na shamba moja. Shamba lenyewe liko bondeni, ekari moja na nusu, udongo mweusi unaoshika maji hata kiangazi. Wasikilizaji, lishikeni hilo shamba la bondeni, maana habari yote ya leo imo humo.

Dada aliacha shule, akashika jembe. Alipanda mahindi, maharage na mboga, akavuna, akauza, akamsomesha mdogo wake. Viatu vya kwanza vya shule alimnunulia vikubwa makusudi ili vidumu, akavijaza makaratasi kwenye vidole. Mtoto wa watu akawa anatembea kama bata. Darasani walimcheka, akarudi nyumbani analia. Dada akamwambia, "Waache wacheke. Wewe una viatu vya miaka mitatu, wao wana vya mwaka mmoja." Hadithi hiyo aliisimulia mpaka uzeeni, na kila akifika hapo kwenye bata alikuwa anacheka peke yake kabla hatujacheka sisi.

Akasoma mpaka chuo cha kilimo, akaajiriwa. Na tusimnyime haki yake: kazi aliijua. Ndiye aliyewafundisha wengi wenu kupanda kwa kamba yenye mafundo ili mistari isiende kombo. Ndiye aliyekuwa akifika na baiskeli, suruali imekunjwa mguu mmoja, anaingia moja kwa moja shambani bila kupitia sebuleni. Ukimkaribisha chai anakwambia, "Kwanza tuwasalimie mahindi." Watu walimwamini. Hilo ndilo lililotuumiza baadaye.

Kisha ikaja sera.

Mnaikumbuka. Dizeli ilikuwa imepanda bei mpaka mashine za kusaga zikafungwa. Wakubwa wakakaa, wakatangaza kwamba nchi itajitosheleza kwa mafuta ya mimea. Wakulima watapanda mbono, mbegu zitakamuliwa, magari yatatembea kwa jasho letu wenyewe. Mbono ni ule mti wa uani ambao sisi tuliujua kama wigo tu, ambao hata mbuzi anaupita bila kugeuza shingo. Sasa ukawa utajiri. Bwana Taa akaitwa semina ya siku tatu, akarudi na kofia mpya, begi la mgongoni, na kibatari.

Jina lilitoka kwenye kibatari hicho. Akifika mkutanoni alikuwa hasemi kitu. Anakiweka mezani mchana kweupe, anakiwasha, anarudi nyuma hatua mbili. Mwali unasimama, mweupe, hautoi moshi. Watu wanasogea mbele kutazama. Ndipo anasema, "Mafuta haya hayakuchimbwa. Yamevunwa." Makofi yalikuwa yanatikisa mabati.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Waraka wa sera ulisema mbono upandwe kwenye ardhi mbovu. Penye mawe, penye mteremko, pasipofaa kwa chakula. Nilikuja kuusoma baadaye, umeandikwa hivyo waziwazi. Lakini fomu ambayo Bwana Taa aliijaza kila baada ya miezi mitatu haikuuliza ardhi ni ya namna gani. Iliuliza jambo moja tu: miche mingapi iko hai?

Na kwenye mawe miche ilikuwa inakufa. Walisema mti huu hauhitaji maji. Jamani, kila kinachoota kinahitaji maji. Afisa kutoka makao makuu alikuja na gari, akamsimamisha mbele ya wenzake, akamwambia, "Wenzako wana miche. Wewe una vijiti."

Bwana Taa alirudi nyumbani siku ile hakula. Alikuwa mtu wa kusifiwa tangu chuoni, na kudharauliwa hakukuzoea. Wiki iliyofuata akaanza kuwaambia watu washushe mibono bondeni, kwenye udongo mzuri, yalipokuwa mahindi. Hakuagizwa na mtu, alijiagiza mwenyewe. Na kule bondeni mibono ilistawi, ee, ilistawi kweli. Ripoti yake ikawa ya kwanza mkoa mzima. Akapewa cheti na saa ya ukutani.

Na akaitwa redioni. Aliketi hapa, kwenye kiti kinachonitazama sasa hivi. Aliyemhoji ni mimi.

Nilimuuliza, "Bwana shamba, mkulima apande wapi mbono wake?" Akanijibu, "Palipo na rutuba. Mgeni mwenye zawadi humtandikii kwenye mawe, unampa chumba kizuri." Nilicheka. Mkanda upo, kicheko changu kinasikika mpaka leo. Swali lililofuata lilitakiwa kuwa moja tu: na chakula je, kilale wapi? Sikuliuliza. Niliweka muziki.

Dada yake alisikia kipindi kile. Alikuwa anapukuchua mahindi. Kesho yake akatembea mpaka kwa mdogo wake, akaketi, akakataa maji, akauliza, "Uliyosema redioni ni kweli?"

"Ni kweli, Dada."

"Hata shamba letu? La bondeni?"

Binti yake Bwana Taa, ambaye leo ni fundi cherehani, alikuwepo chumbani. Anasema baba yake aliinua macho, akaitazama ile saa ya ukutani. Kisha akasema, "Hata la bondeni."

Basi dada akapanda. Lilikuwa shamba la thelathini na saba. Wasikilizaji wapendwa, mashamba ya bondeni ambayo mdomo wa Bwana Taa uliyageuza kuwa ya mibono ni thelathini na saba, na la mwisho lilikuwa lile lililomvisha viatu.

Yaliyofuata mnayajua, mlikuwamo. Kampuni ilijenga banda la bati. Mashine ya kukamulia ikaletwa na lori, bila mota yake. Tukaambiwa mota iko njiani. Wanunuzi walikuja msimu mmoja, wakachambua, wakachukua kidogo, wakasema watarudi. Huko duniani mafuta yakashuka bei. Huku kwetu akaja waziri mwingine, akasema sera inapitiwa upya. Sera ikafa kimyakimya, haikupata hata kipindi cha kumbukumbu. Magunia ya mbono yakabaki kwenye sebule za watu, watoto wanayakalia kama viti.

Kisha mvua zikakata. Zamani mvua zikikata, wenye mashamba ya bondeni walikuwa wanakula na wanagawa. Mwaka ule bondeni kulikuwa na mibono. Ilikuwa mizuri, ina majani mapana, imebeba mpaka inainama. Hailiki.

Nyumba ya dada ikafikwa na maji ya shingo. Mumewe, shemeji yake Bwana Taa, alikuwa na miaka hamsini na minane. Alikuwa hajawahi kufanya kibarua maishani mwake. Akaenda machimbo ya kokoto kugonga mawe ili nyumba ipate unga. Mwezi wa pili ukingo ukamporomokea. Walimleta nyumbani kwenye lori la kokoto, amefunikwa turubai.

Hii ni miaka kumi na moja iliyopita.

Asubuhi baada ya mazishi, Bwana Taa alishuka bondeni na jembe na sururu. Alitaka kung'oa tu. Dada alimkuta amekwishapiga pigo la kwanza. Akasimama mbele yake, na kanga ya msiba bado iko kiunoni. Maneno yake amenirudia dada mwenyewe jana msibani, neno kwa neno, sauti haijapanda wala kushuka.

"Weka chini. Ulivyoniambia nipande, uliniambia kwa redio, dunia nzima inasikia. Sasa unataka kuja kung'oa hapa chinichini, tuko wawili tu? Hapana, mdogo wangu. Kaseme kwenye redio ileile kwamba ulikosea. Nikisikia kwa masikio yangu, hiyo mibono haitabaki hata siku moja. Mpaka hapo, iache isimame. Nataka uwe unaiona."

Akauliza, "Na wewe utakula nini, Dada?"

"Sasa ndiyo unauliza?"

Akaweka sururu chini.

Basi akaja redioni, akanikuta. Mkuu wangu wa wakati ule alisikiliza mlangoni, akaniita pembeni, akasema, "Hayo mambo ya sera hayo, tusije tukafungiwa. Mwambie arudi wiki ijayo." Nikamwambia arudi wiki ijayo. Akarudi. Nikamwambia ratiba imejaa. Mwaka uliofuata akaja tena, amechana nywele, amevaa koti, nikamwambia mtambo una hitilafu. Haukuwa na hitilafu. Niliuonea mtambo wa watu.

Mara ya nne hakuketi. Alinipa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya daftari la shule. Akasema, "Kaa nayo. Siku ukipata nafasi." Nikaiweka kwenye droo, chini ya betri. Jamani, mwaka una Jumamosi hamsini na mbili. Nafasi ya nini tena niliyokuwa naitafuta?

Kwa dada kulikuwa kumefungwa, akaanza kwa wengine. Siku za kazi, mpaka alipostaafu, alikuwa mtumishi wa serikali. Jumapili alfajiri alikuwa mng'oaji. Alikwenda shamba kwa shamba, anapiga hodi, anasema, "Nilikudanganya. Nimekuja kung'oa." Hakuchukua kibarua hata mmoja. Mzizi wa mbono ulioshiba udongo wa bondeni haukuogopi, unachimba mpaka kiunoni ndipo unausikia unatikisika. Akimaliza anafukia mashimo, anasawazisha, anaondoka.

Jirani mmoja alimfukuza na panga, akarudi Jumapili iliyofuata, akafukuzwa tena, mara ya tatu panga likachoka. Mama mmoja alitoa kiti, akaketi, akakunja mikono, akamtazama kutwa nzima bila neno. Jua linazama ndipo akafungua mdomo: "Kona ile umeisahau." Bwana Taa alirudi akaing'oa kona ile.

Utomvu wa mbono unaacha doa la kahawia lisilotoka. Binti yake anasema, "Mama alifua mpaka akakata tamaa, akamtengea shati moja la kung'olea. Baba akawa analisahau, anavaa lolote. Yote yakaingia madoa." Miaka kumi na moja, mashamba thelathini na sita. Narudia, wasikilizaji: yalikuwa thelathini na saba, aling'oa thelathini na sita. La thelathini na sita alilimaliza mwezi uliopita. Watu walimkuta ameketi kwenye mpaka wa shamba la dada yake, sururu mapajani, anaitazama ile mibono iliyobaki. 

Siku chache baadaye kifua kikambana. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Dada alikuja siku ya tatu, na mtungi mdogo wa supu. Binti aliwapisha, lakini akabaki mlangoni, na ninamshukuru kwa kutuambia.

Bwana Taa alisema, "Dada, limebaki lako tu."

"Najua."

"Redio wamekataa."

"Najua. Nasikiliza kila Jumamosi."

Wasikilizaji wapendwa, niliposikia hilo nilitoka nje. Miaka kumi na moja, kila Jumamosi saa kumi, mama huyu amewasha redio akimsubiri mdogo wake. Na kila Jumamosi saa kumi alikuwa ananipata mimi, nina furaha zangu, nataja salamu.

Alimlisha supu vijiko vinne. La tano alikataa. Kabla hajaondoka alimvutia shuka likafunika miguu, akasema, "Miguu yako bado ya baridi kama ya utotoni." Hakusema kwamba amemsamehe. Msitake niwatie chumvi, hakusema. Jumanne asubuhi wakampigia simu.

Walipomwandaa kwa mazishi walitafuta shati lisilo na doa. Walifungua sanduku, wakafungua kabati, wakatazama hata kwenye kamba ya kuanikia nguo. Hakuna. Binti akaketi kwenye cherehani yake, akakata kitambaa cheupe, akamshonea baba yake shati, watu wamekaa nje wanangoja. Anasema alishona vizuri isipokuwa tundu la kifungo cha tatu, maana hapo macho yalikuwa hayaoni.

Makaburini dada alinisogelea. Nilijua kilichokuwa kinakuja. Hakunigombeza. Aliuliza, "Kile kikaratasi bado unacho?"

"Ninacho, mama."

"Basi," akasema, akaenda zake.

Ninacho hapa, kina kutu ya betri pembeni. Mkuu wa wakati ule alishastaafu, na aliyepo sasa nimemwambia baada ya kuwasha kipaza sauti, si kabla. Haya ni maneno ya Bwana Taa. Sijaongeza, sijapunguza.

"Mimi ni bwana shamba mliyemsikia kwenye redio hii akisema mpande mbono penye rutuba. Nilikosea, na nilijua nakosea. Waraka ulisema ardhi mbovu. Mimi niliwapeleka bondeni ili miche iishi na mimi nisifiwe. Sikudanganywa na mtu. Tena kuna lingine. Ile taa niliyokuwa nawasha mikutanoni haikuwa mafuta ya mbono matupu. Nilichanganya mafuta ya taa. Mbono peke yake ulikuwa unazimika, tulifundishwa semina kuchanganya hivyo, na nilikubali. Wenye mashamba, nitakuja kung'oa mmoja mmoja. Dada yangu, hili ni lako. Shamba la bondeni lilikuwa zima mpaka nilipofungua mdomo. Shemeji aliondoka kwenda kwenye mawe kwa sababu yangu. Sikuombi unisamehe redioni, watu watakuona vibaya ukikataa. Nakuomba uniruhusu ning'oe. Ni mimi, mdogo wako."

Mwisho wa kuisoma.

Na mimi nina langu, fupi. Alitaka kuyasema haya kwa sauti yake, akiwa hai, kwenye kiti hiki. Aliyemnyima ni mimi. Mama, kwako nasema nimekosa.

Kwa mkewe, kwa binti yake, kwa dada yake, kwa wenye mashamba yote thelathini na saba, redio hii inatoa pole. Mungu awape nguvu. Na sisi tuliobaki, kila mmoja ajitazame. Kuna fomu ngapi leo tunazijaza vizuri huku chini yake watu wanalala njaa? Kuna taa ngapi tunazipigia makofi kwa sababu mwali umesimama mzuri mezani? Na wewe mwenye kipaza sauti, mwenye kalamu, mwenye mhuri, nani umemwambia arudi wiki ijayo?

Subirini kidogo. Fundi mitambo ananionyesha simu kwenye kioo. Ni ujumbe wa binti, yule fundi cherehani. Yuko kwa shangazi yake. Nausoma kama ulivyo.

"Shangazi amezima redio ulipomaliza kusoma karatasi.  Amechukua sururu ya baba niliyomletea baada ya mazishi, ilikuwa nyuma ya mlango, ameshuka bondeni. Nimemwambia angoje kesho, amekataa. Anasema alishaahidi haitabaki hata siku moja."

Basi rambirambi zangu hakuzisikia. Sawa tu, hakuwa anazisubiri.

Wasikilizaji wapendwa, hasa ninyi wa mashamba yale thelathini na sita. Mama huyu ana miaka sabini na miwili, na mizizi ile mnaijua. Jua bado lipo. Chukueni majembe, nendeni. Na mimi nakuja, nikishafunga hapa.